Mume wangu kaacha pombe, sasa siri zake zote wanazijua watu wa kwenye simu

Shikamoo Anti. Naomba jina langu usiliweke. Mi ni mke wa mtu, tuna watoto wawili, na mume wangu ni mlevi, yani sio mlevi wa wikiendi, ni yule wa kuanza asubuhi kabla hajapiga mswaki ili mikono itulie. Nimeishi na hiyo hali miaka mingi Anti, nimelia, nimemtetea kwa bosi wake nasema anaumwa tumbo, nimemwaga chupa kwenye sinki, nimeita ndugu zake wamkalishe chini, nimeomba mpaka magoti yameota sugu, hola.

Mwanzoni mwa mwaka huu kuna mwenzake kazini akamtumia linki ya vikao vya onlaini vya AA, yani Alcoholics Anonymous, wale walevi wanaosaidiana wenyewe kwa wenyewe kuacha pombe. Akaingia siku ya kwanza, ya pili, na Anti, akaacha. Mimi nimembembeleza miaka yote hiyo, watu ambao hata sura hawaijui wakamwachisha ndani ya wiki mbili. Nilifurahi sana, ila nisikufiche kuna kitu kilinichoma moyoni na nikaona aibu hata kumwambia mtu, maana utaonekana mwanamke gani wewe mumeo kaacha pombe bado umenuna.

Ikawa kila usiku watoto wakishalala anachukua simu na hedifoni anaingia chumbani anafunga mlango, mi nabaki sebuleni na tivii nimeipunguza sauti. Anasema kamera huwa anazima. Kuna siku namsikia anacheka, kuna siku namsikia analia. Anti huyu mwanaume hajawahi kulia mbele yangu, hata tulipomzika baba yake hakulia. Akitoka namuuliza mmeongea nini leo, ananijibu yanayosemwa kule yanabaki kule. Basi, anageukia ukutani analala.

Sasa juzi simu yake ilikuwa kwenye chaji jikoni, meseji ikaingia ikajionyesha yenyewe juu ya skrini, imetoka kwa mtu mwenye jina la kike: asante kwa kuwa mkweli kuhusu Jumamosi, usikate tamaa, kesho unaanza upya. Nikakaa nikafikiria Jumamosi ipi. Kumbe ile Jumamosi alikunywa, na jioni yake alituendesha kwenye gari mimi na watoto! Grupu zima linajua, mimi niliyekuwa nimekaa siti ya mbele sijui kitu. Na tangu siku hiyo kumbe hajaacha, anakunywa kila siku kimyakimya.

Nilipomuuliza akawa mkali, eti nimemchungulia, eti angeniambia ningepiga kelele. Anasema Jumatatu anaacha tena mwenyewe na grupu litamshika mkono. Ila mi naogopa, maana mara ya kwanza alipoacha alitetemeka mpaka kikombe cha chai kikamponyoka, shuka lililowa jasho kama limetolewa kwenye ndoo, na usiku alikuwa anaongea na watu ambao hawapo.

Nisaidie Anti. Je nina wivu wa bure? Nimwambie aniingize kwenye hicho kikao au akiache? Paswedi yake naijua, nikague hiyo simu? Na huyo mwanamke je? Halafu mama mkwe kila akipiga anauliza mwanangu bado anakunywa, namjibuje?

Mke wa nje ya mlango

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nitaijibu kinyume na ulivyoipanga, naanza na Jumatatu kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri na hiyo haiwezi.

Asiache mwenyewe nyumbani Jumatatu. Nakwambia hivi nikijua linasikika vibaya, Anti mzima anakwambia chupa usiimwage, lakini mtu anayekunywa kila siku kuanzia asubuhi akikata ghafla anaweza kufa, na hii sio maneno ya kutishana. Pombe inatuliza ubongo, sasa ukiimimina kila siku ubongo nao unajizoesha kwenda kasi ili usizimike, ukija kuiondoa kwa mkupuo ile kasi inabaki haina breki. Kutetemeka na jasho vinaanza kama saa 6 mpaka 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege zikija, nyingi zinakuja ndani ya siku mbili za kwanza. Halafu kati ya siku ya 2 na ya 4 ndo kuna ile ya kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, joto kupanda, moyo kwenda mbio, na hiyo ndo inayoua watu. Wewe umeniandikia kwamba mara ile alikuwa anaongea na watu ambao hawapo. Mdogo wangu, hapo alipita pabaya, na mkapona kwa bahati. Mwili uliowahi kupita hapo mara inayofuata unaweza kufanya vibaya zaidi, kwahiyo usijipe moyo kwamba si alivuka salama ile mara ya kwanza.

Kabla ya Jumatatu mnaenda kwa daktari na mnamwambia ukweli wote, anakunywa nini, kiasi gani, saa ngapi anaanza, na hilo la kuongea na watu wasiokuwepo mlitaje kabisa, msione aibu, daktari hajawahi kukosa usingizi kwa sababu ya mlevi mmoja. Ataamua kama alazwe au atibiwe akiwa nyumbani. Kuna dawa za kumshusha taratibu siku hizo chache, na mara nyingi wanampa na vitamini B1 maana pombe inaimaliza mwilini na ikiisha kabisa ubongo unaharibika. Baadae kuna dawa za kupunguza hamu, naltrexone na acamprosate, grupu lake haliwezi kumwandikia hizo. Kuna nyingine inaitwa disulfiram, akinywa pombe juu yake anaumwa vibaya sana, na hapa sikiliza, kutakuja mtu akushauri umwekee hiyo kwenye chai bila yeye kujua. Usithubutu. Hiyo inatolewa na daktari kwa mtu anayejua anachomeza, ukimwekea kisirisiri unaweza kumuua.

Na akianza kutapatapa kabla hamjafika kwa daktari, degedege, kuchanganyikiwa, kuona vitu, hapo ni hospitali muda huohuo, sio kumuombea kwanza.

Haya sasa tuje kwenye ule mlango.

Unauliza kama una wivu wa bure. Ngoja nikupe kisa. Bill Wilson, mmoja wa wale wawili walioanzisha AA, alioana na mkewe Lois mwaka 1918 na Lois alihangaika na ulevi wa mumewe miaka yote mpaka Desemba 1934 mume alipoacha. Alihangaika kama wewe, akafanya na kazi ya dukani kulisha nyumba. Kuacha kwenyewe mume hakuachishwa na yeye, alianza kwa kutembelewa na rafiki yake wa zamani wa kunywa naye. Basi vikao vikaanza, kila mara kikao, na siku moja mume akamwambia mkewe afanye haraka watachelewa kikao. Lois akamrushia kiatu. Mume kaacha pombe, nyumba imetulia, jambo aliloliomba miaka kumi na kitu limetokea, na yeye anarusha kiatu akimwambia wewe na vikao vyako. Alijishangaa mwenyewe. Na hapo ndo alipoanza kujiangalia na yeye alivyoumia, mpaka mwaka 1951 yeye na mwenzake Anne wakaanzisha Al-Anon, ya wake na waume na ndugu wa walevi. Kwahiyo huo moto wa moyoni mwako sio uchawi wala sio roho mbaya, unajulikana tangu kabla hata AA haijapewa jina. Wewe umeubeba huo mzigo miaka, halafu mtu wa pembeni kaja akasifiwa, ungekuwa wa ajabu usingeumia.

Ila kuumia ni kitu kimoja na kumwambia akiache kikao ni kingine. Hapo sikuungi mkono.

Kwa nini awaambie wao asikwambie wewe? Mei 1935 huyohuyo Bill alikuwa Akron, jimbo la Ohio huko Marekani, biashara iliyompeleka imebuma, kasimama kwenye ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa, upande mwingine simu. Alipiga simu akitumia orodha ya makanisa, akitafuta mlevi yeyote wa kuongea naye, akaishia kuunganishwa na daktari mmoja, Bob Smith, na ndo wakaanza wote wawili. Glasi ya mwisho ya huyo daktari ilikuwa 10 Juni 1935, AA wanaihesabu hiyo ndo siku yao ya kuzaliwa. Sasa Lois alikuwepo, yuko New York, si angempigia mkewe? Nadhani hakuhitaji mtu wa kumpenda saa ile, alihitaji mtu asiyeumia kwa kusikia. Mumeo akikwambia wewe, mke wangu leo nina hamu ya pombe nakufa, wewe unasikia ada za watoto, unasikia gari, unasikia ile miaka yote inarudi, na uso wako unabadilika hata usipofungua mdomo. Mlevi mwenzake anasikia hamu tu, na anajua ikivumiliwa kidogo huwa inashuka, anamwambia kaa hapohapo tuongee mpaka ipite. Ndo maana analia kule. Hajakunyima machozi yako, hayo yalikuwa hayatoki kokote.

Na hii ya kwenye simu msiidharau, nyie mtakaonijazia boksi mkisema mlevi hawezi kutibiwa na intaneti. Unaona AA yenyewe ilianza na simu. Mwaka 2020 Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000 wakakuta AA na matibabu yanayomwelekeza mtu AA havijaachwa nyuma na tiba nyingine kama ya kuongea na mwanasaikolojia, na kwenye kukaa bila kunywa kabisa mara nyingi vilikuwa mbele. Kweli tafiti hizo zilihusu zaidi vikao vya ana kwa ana, sikudanganyi kwamba vya kwenye skrini vimepimwa kiasi hicho, lakini vina faida ambayo ukumbi hauna, saa nane usiku hamu inapompanda huko duniani kuna kikao kiko hewani. Ubaya wake nao ni huohuo uliouandika wewe bila kujua: kamera imezimwa. Mtu anaweza kukaa kikaoni na glasi pembeni na asijue mtu. Kwenye chumba halisi wangeinusa.

Sasa hiyo sentensi ya yanayosemwa kule yanabaki kule. Hapa mumeo anakuonea, na mwambie Anti kasema. Ile kanuni ipo kulinda siri za watu wengine. Haruhusiwi kuja kukwambia fulani alisema hivi, fulani kaachwa na mkewe. Habari zake mwenyewe ni zake, anaweza kukusimulia wewe, jirani na dunia nzima akitaka. Hakuna kikao kilichomkataza kumwambia mkewe kwamba Jumamosi alikunywa. Kachukua ngao ya watu wengine kajifichia yeye.

Mimi nayagawa mafungu mawili. Kuna ya moyoni mwake, aibu zake, ya baba yake, ndoto zake za pombe, hayo aachwe nayo kule mpaka siku atakayotaka mwenyewe kukuletea, na usimdai. Halafu kuna yanayokuangukia wewe kichwani: amekunywa au hajanywa, nani anaendesha gari, pesa imeenda wapi, watoto wako na nani. Hayo ni haki yako na sio ombi. Ile ya gari hata sijui niiseme vipi bila kutukana. Funguo zinakaa kwako kuanzia leo, haziendi kwake mpaka mkubaliane vinginevyo na muda umepita, na hapo hakuna kujadiliana, hata akisema unamdhalilisha.

Mengine mkae mkubaliane, akiwa hajanywa, mchana, sio usiku wa manane mkiwa mmechoka wote. Akinywa akwambie siku hiyohiyo kabla ya kulala. Anti si ataogopa kelele? Ataogopa, kwahiyo na wewe una upande wako wa kutoa: usiku atakaokwambia hutamhoji, utasema nimesikia, asante kwa kuniambia, utachukua funguo kama zimebaki kwake, mengine kesho akiwa mzima. Najua ni ngumu kumeza. Lakini mlevi akishajua kwamba ukweli unaleta vita na uongo unaleta usingizi, atachagua usingizi kila siku, na wewe utaendelea kupata habari za nyumba yako kupitia skrini ya simu iliyo kwenye chaji.

Kukagua simu hapana. Sio kwa sababu hana la kuficha, ni kwa sababu mle ndani kuna aibu za watu kumi na kitu ambao hawajakukosea, na ukishaanza utakuwa unaifungua kila akienda kuoga, maisha gani hayo. Ile meseji ilijileta yenyewe, hukuchungulia, usikubali kugeuziwa kibao.

Kuingia kikaoni kunawezekana ila kwa utaratibu. AA wana vikao vya aina mbili, vilivyofungwa ni vya wenye shida ya pombe tu, na vya wazi ambavyo mtu yeyote anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, mke, ndugu, hata mwanafunzi. Onlaini wanaandika kabisa kwenye ratiba kikao kipi ni kipi. Mwambie achague kimoja cha wazi, mkae wote kwenye kochi, hedifoni avue, msikilize. Sio kikao chake kile cha kila siku, mwachie hicho. Utasikia watu wanasimulia walivyokuwa wanaficha chupa kwenye tangi la choo na utagundua mambo mengi uliyodhani ni dharau kwako wewe binafsi kumbe hata wanaume wasiokujua wanayafanya kwa wake zao.

Huyo dada wa meseji. Kilichoandikwa kwenye hiyo meseji hakina tatizo, ni lugha ya vikao, wanaandikiana hivyo wote. Lakini AA wenyewe wana desturi ya siku nyingi kwamba mwanaume anashikwa mkono na mwanaume na mwanamke na mwanamke, haikuwekwa bure, mtu aliyetoka kuacha pombe ni kidonda kibichi na anayemfariji saa saba usiku anaweza kupendwa haraka sana. Wana hadi jina lake la utani, hatua ya kumi na tatu, wakati hatua zao za kuacha pombe ni 12. Kwahiyo usimshtaki mumeo kwa jambo ambalo huna ushahidi nalo, mwombe kitu kimoja tu: atafute mdhamini mwanaume, mwenye miaka yake bila pombe, awe ndo mtu wa kumpigia usiku. Mtu anayejua sauti yake. Hiyo pia inatibu lile tatizo la kamera, maana kwenye kikao unaweza kukaa kimya mwezi mzima ila mtu anayekupigia kila siku atasikia tu ulimi umekuwa mzito. Akikataa hilo bila sababu, hapo niandikie tena, tutaongea lugha nyingine.

Na kama hatua 12 na mambo ya Mungu vinamchosha, wapo SMART Recovery, wamekuwepo tangu 1994, wao wanafundisha mbinu za kupambana na hamu na mawazo, na wanajibizana kikaoni, sio kila mtu aongee peke yake. Wana na vikao vya ndugu. Mi sina upande, anachokirudia kila siku ndo kizuri.

Halafu wewe. Umeandika kurasa na mwenyewe hujajitaja ila kwenye sofa na tivii ya sauti ndogo. Al-Anon nao wako onlaini, na saa ileile anayoingia chumbani wewe unaweza kuingia chako na hedifoni zako. Kule kuna usemi wao, ulevi wake hukuusababisha, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Nasikia unasema basi kama siwezi kuuponya naenda kufanya nini. Unaenda kwa sababu miaka yote hii hujawahi kuongea na mtu hata mmoja anayejua maana ya kunusa kikombe cha mtu akienda chooni. Mara ya kwanza kaa kimya, usiseme kitu, kamera zima kama yeye. Watoto wakikua kidogo wana wao, Alateen.

Na kumdanganyia bosi kwamba anaumwa tumbo, hiyo ife. Apige mwenyewe.

Mama mkwe ni rahisi kuliko vyote. Akiuliza mwanangu bado anakunywa, mjibu kwa heshima, mama, hilo naomba umuulize mwenyewe, huyu hapa, halafu unampa simu.